Njiti Tisa za Ufa

Watu huja kwangu mchana wa Ijumaa, baada ya sala, kuniomba niwaandikie mashtaka ya nyumba. Mmoja paa lake linavuja na mwenye nyumba hataki kuezeka. Mwingine amefungiwa mlango wa uani, penye kisima, kwa sababu ya ugomvi wa kuku. Wananijua kuwa ni mtu wa kuandika, ingawa hakuna skuli iliyonifundisha: herufi za Kiarabu nilizipata utotoni katika chuo cha Kurani, na zile za Kizungu nilijifunza mwenyewe kwa kusoma alama za magunia na masanduku forodhani, moja baada ya moja, mpaka zikanikubali.

Kabla sijachovya kalamu huwauliza jambo moja. Umekwenda mlangoni kwa mwenye nyumba ukasema mwenyewe, kwa mdomo wako, watu wakisikia? Wengi hukasirika. Hudhani ninawachelewesha, au kwamba mwenye nyumba amenitangulia kwa maneno. Mmoja aliniambia, "Bwana, mimi nimekuja kuandikiwa, sikuja kuulizwa." Nilimwandikia, akaenda zake. Sikumweleza kwa nini nauliza, kwa sababu maelezo yake ni marefu na mengine yananitia aibu. Nayaandika hapa.

Vita vya Maji Maji vilipoanza, mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga Kilwa Kivinje, katika nyumba ya mzee mmoja aliyefanya biashara ya chumvi. Yeye na mkewe walikaa upande wa mbele. Hawakujaliwa watoto. Sisi tulikuwa nyuma, chumba kimoja na kijighala, tukipitia uani. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, chokaa imepakwa mbele tu panapoonekana na wapita njia. Mzee alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi wa kutoa. Mama yangu alipofariki, kabla sijafikiri sanda itatoka wapi, aliipitisha mlangoni imekunjwa, akaondoka asingoje shukrani. Jambo hilo lilikaa baina yangu na yeye muda wote niliokuwa mpangaji wake, na ndilo lililonifanya niwe mzito kulalamika hata nilipokuwa na haki.

Nilikuwa na haki kuhusu ukuta. Ukuta wa chumba chetu wa upande wa mikoko ulisimamishwa kwa miti myepesi badala ya boriti, na mchwa walikwisha kuingia. Ukigonga kwa kidole cha kati, kuna mahali palipojibu kama debe tupu. Nilimwambia mzee mara moja, kwa adabu, akaja akagonga mwenyewe, akatikisa kichwa. Wiki ile ile alinunua boriti za mkoko akazilaza topeni nyuma ya banda lake la chumvi. "Zikishiba chumvi nitaita fundi," alisema. Nikaridhika.

Halafu homa ikamchukua, siku kumi na moja tu. Tulimzika katika siku ambazo watu wa vilima vya Matumbi walikuwa wakiingia mjini na mafurushi yao wakikimbia moto, na boma la Wadachi likichimba handaki, na njia ya kusini imefungwa. Ndugu wa marehemu, aliyekuwa mrithi pamoja na mjane, alikuwa Mingoyo. Hata salamu za msiba hatukuweza kumpelekea.

Bibi akaingia eda. Kwa asiyejua: ni miezi minne na siku kumi, mjane ndani ya nyumba, nguo nyeupe, hatoki, hajipambi, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa. Kwetu pwani jambo hili ni zito kuliko kodi ya Mdachi. Hata watoto wa mtaa ule waliacha kucheza mbele ya mlango.

Ukuta haukuingia eda. Ijumaa ya kwanza baada ya maziko niliona ufa karibu na pembe, unaoshuka kutoka kwenye mwamba wa paa hadi usawa wa kiuno changu. Kazi yangu ilikuwa kuchagua sandarusi, ile gundi ya miti ichimbwayo ardhini, kwenye ghala la tajiri mmoja, kutenga safi na chafu, kubwa na ndogo, na nilikuwa nimezoea kutoamini jicho peke yake. Nikachukua ukuti, nikapasua njiti katika uti wake wa kati, nikaichonga mpaka ikatosha sawasawa katika upana wa ufa, mahali nilipotia alama ya mkaa. Nikaiweka katika kikopo. Ijumaa iliyofuata nikachonga nyingine. Ile ya kwanza haikubana tena. Ilikuwa ikielea ndani.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Mtoto wetu wa kwanza tulikuwa tumemzika akiwa na siku nne. Chumba kilikuwa chembamba. Kitanda ungekiweka popote, ukuta ukianguka ungekifikia. Kuhama hakukuwezekana, maana kila kijumba mjini kilikuwa kimejaa wakimbizi, na mtu asiye na mwenye nyumba wa kumtambulisha alikuwa akikamatwa njiani na kuulizwa ametoka upande gani. Kulala nje, katika siku zile, ni kama kujipeleka mwenyewe kwenye minyororo.

Mtu atauliza kwa nini sikupiga nguzo mwenyewe. Kwetu mpangaji akichomeka nguzo katika nyumba ya mirathi ambayo haijagawanywa, bila ruhusa ya wenyewe mbele ya mashahidi, kesho ataambiwa amejitia mrithi. Nimeona watu wakigombana miaka kwa ajili ya nguzo mbili za jikoni. Mjane aliyenyamaza naye angeambiwa na shemeji yake kwamba amewapa wageni nyumba ya kaka yake.

Mwanamke anaweza kuingia kwa mwenye eda. Njiti zilipofika tatu nilimtuma mke wangu. Alikaa huko mpaka adhuhuri, akarudi akakaa kitandani, miguu imemvimba.

"Amesemaje?"

"Anasema boriti zipo na fundi alikwisha kuambiwa na marehemu. Anasema uende mlangoni kwake na mashahidi wawili. Yeye atakaa nyuma ya pazia. Useme kwamba unajenga kwa ajili ya nyumba, si kwa ajili yako, na mashahidi wasikie. Kisha ukachukue boriti."

"Niende mimi mlangoni kwa mwanamke aliye katika eda?"

"Mlangoni, Bwana. Sikusema chumbani."

"Haifai."

"Nani kasema haifai?"

"Nimesoma."

"Na huo ukuta nao umesoma?" akasema, akajilaza upande wa pili.

Kitabu nilichokisoma nilikiazima kwa mtu aliyekinunua Lindi. Kilikuwa cha sheria za ndoa, talaka na eda, kimetafunwa na mende, na mwisho wa sura ya eda kurasa zilikuwa zimeng'oka. Nilijua zimeng'oka. Nilisoma zilizobaki mara tatu, nikatoa hukumu kwamba mwanamume asiye maharimu hana ruhusa ya kusemezana na mwenye eda kwa njia yoyote. Mwalimu wa chuo alikaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Sikumuuliza. Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na nilijivunia kwamba nilichokijua nilikipata mwenyewe. Kwenda kuuliza lililokwisha kuwamo kichwani mwangu niliona ni kurudi utotoni.

Basi nikangoja. Nilihesabu kwa mwezi eda itakwisha lini, nikahesabu mke wangu atajifungua lini, nikahesabu mvua. Mimba na mvua vyote vilitangulia eda. Niliyaona hayo kwa hesabu yangu mwenyewe, na bado nikangoja, nikichonga njiti.

Ghalani waliniita Bwana Kipimo. Tulikaa chini mstari mmoja, magunia ya sandarusi mbele yetu, mikono ikifanya kazi na midomo ikifanya yake.

"Leo ufa una kiasi gani, Bwana Kipimo?"

"Kama punje mbili za mtama."

"Huyu anangoja uwe mlango," akasema aliyekaa kushoto kwangu. "Ukishakuwa mlango atapita humo, apumzike kuzunguka uani."

Walicheka. Mzee msimamizi wa ghala hakucheka. Aliponipita alisema kwa sauti ya chini, "Ukuta hauna haya, mwanangu. Kama huwezi kusema na mwenyewe, nenda kwa liwali."

Ijumaa ya tisa njiti ilikuwa nene kama kidole changu cha mwisho, na vumbi la mchwa lilikuwa likidondoka juu ya shuka la mke wangu. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha kidogo, na chini ya ufa udongo ulikuwa umelainika. Nikavaa kanzu safi nikaenda barazani kwa liwali.

Karani wa pale alikuwa mtu wa Kilwa, ananijua kwa uso. Alivuta karatasi.

"Unamshtaki nani?"

"Mwenye nyumba."

"Nani mwenye nyumba?"

"Amefariki."

Akaweka kalamu chini. "Hapa maiti hatumwiti. Ana wanaomwita."

"Nyumba ni ya mirathi, haijagawanywa. Ndugu yake yuko Mingoyo na njia imefungwa. Mjane wake yumo ndani, katika eda."

"Basi nimwandike mjane."

"Yuko katika eda."

"Umekwisha kusema. Karatasi inataka jina la mtu. Wewe unataka ukuta au hutaki?"

Nilimfikiria mke wangu na vumbi lile. "Nataka," nikasema, na nikamtazama akiliandika jina la bibi. Mimi niliyezoea kusahihisha barua za watu, nikaliacha jina hilo hapo.

Nilikuwa na tegemeo langu. Katika siku za amani, mwanamke mwenye eda akishtakiwa, liwali alikuwa akituma bibi mmoja mtu mzima aende kuzungumza naye nyumbani, na neno lake likaletwa barazani. Lakini tangu vita vianze karatasi zote za liwali zilikuwa zikipelekwa boma kila jioni. Hilo pia nilikuwa nimelisikia. Nilijiambia kwamba ukuta wa udongo hauwezi kumshughulisha Mdachi katikati ya vita.

Jumatano asubuhi niliitwa kutoka ghalani. Nilipofika mtaani, askari alikuwa amesimama mlangoni kwa bibi. Alikuwa mtu wa mbali sana huko bara, Kiswahili chake cha kambini. Hakuwa mkali. Alikuwa ametumwa, na ana wengine wa kuwaendea. Jirani yetu, bibi kizee aliyekuwa kungwi wa nusu ya wanawake wa mtaa, alikuwa amejiweka baina yake na kizingiti.

"Baba, huyu hatoki. Ana eda."

"Eda ni ugonjwa?"

"Si ugonjwa."

"Basi atembee."

"Siku zake bado hazijatimia."

"Karatasi inasema leo, mama. Asipokwenda kwa miguu nitaambiwa nimlete kwa namna nyingine, na mimi sitaki."

Kutoka ndani sauti ya bibi ikasikika, haikupanda wala haikutetemeka. "Nani aliyenishtaki?"

Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Mke wangu alikuwa uani, akasikia, na yeye ndiye aliyejibu. "Mume wangu, bibi. Kwa ajili ya ukuta."

Halafu bibi akasema, "Leteni shuka."

Walileta mashuka mawili meupe, wakayaunganisha kwa kushikiza, na wanawake wanne wakashika pembe, wakayanyanyua kuliko vichwa vyao, wakamzunguka. Yeye akatoka akiwa katikati. Sisi tuliokuwa nje tuliona kitambaa tu kikisogea, na chini yake vidole vya miguu. Pembe ya nyuma upande wa kulia aliishika mke wangu. Alikuwa na mimba ya miezi minane, mkono mmoja juu, mwingine umeshika kiuno. Nilimwendea nimpokee. Aligeuza uso kiasi cha kunisikiza mimi peke yangu.

"Usitembee karibu na sisi."

Nikafuata kwa mbali. Kutoka mtaani kwetu hadi boma ni mwendo mfupi, mtu akiwa peke yake hawezi hata kumaliza kutafuna tambuu. Siku ile ulikuwa mrefu. Watu walisimama milangoni. Wanaume wenye heshima waligeuza nyuso ukutani mashuka yalipopita, na wakageuka tena kunitazama mimi. Hakuna aliyenitukana. Muuza kahawa mmoja, niliyezoea kunywa kwake, alitoa vikombe vyake barabarani ili wapite, kisha akavirudisha kabla mimi sijafika, nikalazimika kuzunguka.

Boma palikuwa na magunia ya mchanga na harufu ya watu wengi waliofungwa pamoja. Bwana mkubwa wa Wadachi alikaa kibarazani, meza mbele yake, mkalimani ubavuni. Alisoma karatasi, akamwuliza mkalimani ile ni nini. Mkalimani akaeleza juu ya eda, kwa maneno mengi. Bwana mkubwa akajibu kwa machache.

"Anasema hasikilizi shauri la kitambaa," akasema mkalimani. "Anasema ni wakati wa vita, anataka kuona aliyemo ndani. Shusheni."

Wanawake hawakushusha. Nilimwona kungwi akimtazama askari, na askari akitazama chini. Mke wangu alibadilisha mkono, na pembe yake ikabaki juu. Wakati ule ningeweza kupiga hatua mbili nikasema: shauri ni langu, nimeliondoa. Nilizijua hata njia za kulisema hilo kwa adabu. Nilifikiria ukuta, nikasimama mahali pangu.

"Shusheni," akasema bibi mwenyewe kutoka ndani. "Mikono itawauma."

Mashuka yakashuka. Alisimama katika nguo zake nyeupe, amejifunika uso kwa upande wa ushungi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Wanaume wa mji waliokuwa pale wakatazama ardhi, na mimi nikatazama ardhi.

Niliulizwa. Nikatoa kikopo, nikapanga njiti zangu tisa mezani kutoka nyembamba hadi nene, nikaeleza kila moja ni ya Ijumaa ipi na ilipimwa wapi. Bwana mkubwa aliinama akazitazama. Alizigusa kwa ncha ya kalamu. Alimwambia mkalimani jambo, na mkalimani akaniambia kwamba bwana mkubwa amependezwa, kwamba hajapata kuona mtu mweusi akileta ushahidi wa namna hii. Naona haya kusema kwamba kwa muda mfupi nilifurahi.

Kisha akaulizwa bibi.

"Ukuta ni mbovu," akasema. "Haya anayosema ni kweli yote. Mume wangu alinunua boriti, ziko topeni. Mimi nilimwambia mpangaji aje mlangoni aseme neno moja mbele ya watu wawili, achukue. Muulizeni kama alikuja."

Mkalimani akaniuliza. Nikasema sikwenda.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ana eda," nikasema, na nilipoyasikia maneno yangu yakitoka mahali pale, mbele ya mwanamke yule amesimama wazi, sikuweza kuongeza.

Hukumu haikuwa ile niliyoiomba. Njiti zangu zilikuwa zimemtosheleza bwana mkubwa kwamba ukuta utaanguka. Hakutaka majengo ya kuanguka karibu na njia ambayo askari hupita. Akaamuru mnyapara wa boma akatazame. Mnyapara alikuja alasiri ile ile na mtaimbo, akauchoma ukuta mahali patatu, akatikisa kichwa, na asubuhi yake wakaja wafungwa wa vita, wamefungwa shingo kwa mnyororo mmoja, wakabomoa chumba chetu, kijighala, na nusu ya paa la nyuma. Mmoja wao, kijana wa vilimani, aliuondoa mkeka wetu kwanza akauweka pembeni penye kivuli, kisha akaendelea. Boriti za marehemu zilichukuliwa topeni siku ya tatu, zikaenda kwenye ua wa boma. Ukuta haukumwangukia mke wangu. Hilo ndilo nililolitaka, na nililipata.

Mke wangu alipokuwa amekaa uani juu ya furushi letu, kungwi alikuja akamshika mkono. "Bibi anakuita ndani. Anasema mwenye mimba halali uani." Akaingizwa upande wa mbele, katika chumba cha mwenye eda. Mimi sikuweza kufuata. Msimamizi wa ghala aliniruhusu nilale juu ya magunia ya sandarusi, kwa kuwa alikuwa tayari kunitambulisha kwa askari wa zamu.

Siku ile ya kubomolewa, nilipokuwa nikipita nyumba ya mwalimu wa chuo, aliniita. Alikuwa amesikia yote.

"Ilikuwaje usiende mlangoni?"

Nikamweleza nilivyosoma.

"Mtu mwenye haja husema na mwenye eda nyuma ya pazia, kwa maneno ya haja," akasema. "Mkopeshaji husema naye. Mganga husema naye. Nani alikuambia vingine?"

"Kitabu."

"Kilete."

Nikakileta. Alifungua penye sura ya eda, akapitisha kidole kwenye mshono ambapo kurasa zilikuwa zimeng'oka, akakifunga, akanirudishia.

Nyuma nyumba ilikuwa wazi. Mtu akipita njia ya mikokoni aliona moja kwa moja mpaka mlango wa ndani. Mjane ambaye nilidhani ninamhifadhia eda yake sasa alikuwa hana hata ukuta wa kukaa nyuma yake. Mchana kutwa yeye na mke wangu walijibana katika chumba kimoja, mlango umefungwa, na joto la kabla ya mvua. Nikakusanya makuti na fito nilivyoweza. Halafu nikamwomba msimamizi na mwalimu wafuatane nami, tukaenda mlango wa mbele baada ya alasiri.

Nikabisha hodi.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya bibi, karibu sana, nyuma ya pazia.

Nikataja jina langu. "Nimekuja na mashahidi wawili. Nataka kuziba nyuma kwa makuti. Najenga kwa ajili ya nyumba, si kwa ajili yangu, na sina dai juu ya fito hata moja."

"Mmemsikia?" akawauliza.

"Tumemsikia," wakasema wote wawili.

"Basi jenga." Pazia likatulia. Nilidhani amekwenda. Kisha akasema, "Kumbe njia ya hapa unaijua."

Ilikuwa kazi ya siku mbili. Maneno yale pale mlangoni hayakuchukua muda wa kufunga kilemba.

Mtoto alizaliwa wiki tatu baadaye, asubuhi, mvua ikinyesha. Nilikuwa nje chini ya upenu, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikasikia kilio chake kupitia ukuta. Kilikuwa kilio kizuri cha mapafu mazima. Cha yule mtoto wetu wa kwanza hakikuwa hivyo. Baadaye kungwi akampitisha mlangoni amefungwa katika kitambaa cheupe ambacho nilikitambua, maana kilikuwa kipande cha shuka lile. Nikamwadhinia sikioni. Nilipomrudisha, nikajua bibi yuko nyuma ya pazia, kwa kuwa mikono iliyompokea haikuwa ya kungwi. Nikageuza uso.

"Bibi," nikasema, "naomba radhi."

"Ya ukuta, au ya mashuka?"

"Yote mawili."

Alimbembeleza mtoto kidogo kabla ya kujibu. "Ya ukuta nimekuachia. Ulikuwa na haki yako, ulichelewa tu kuisema. Hiyo nyingine niachie mimi."

Arobaini ya mke wangu na eda ya bibi zilikwisha katika wiki moja. Nikaruhusiwa kumwona mwanangu mchana kweupe na kumshika nitakavyo. Njia ya kusini ilipofunguliwa, ndugu wa marehemu alifika kutoka Mingoyo. Alikagua nyuma, akaona makuti penye ukuta, akaanza kuuliza nani amejenga hapa. Msimamizi na mwalimu walisema waliyoyasikia, naye akaliacha shauri. Katika jambo hilo dogo bibi alisalimika. Lakini mirathi iligawanywa juu ya nyumba iliyobaki, si juu ya nyumba aliyoacha marehemu, na fungu la mjane asiye na mtoto ni robo. Robo ya nyumba iliyokatwa nusu si mahali pa kuishi. Shemeji yake alichukua nyumba, akampa haki yake, na bibi akaenda kukaa kwa dada yake Lindi.

Siku ya kuondoka alikuja kumuaga mke wangu katika chumba tulichopata karibu na forodha. Alimbeba mtoto muda mrefu. Mimi nilisimama mlangoni, upande wa nje, na yeye alipotoka nilimsalimu, "Shikamoo, bibi," akaitikia, "Marahaba," kama angemwitikia mtu yeyote.

Njiti zangu zilibaki boma, mezani. Sikurudi kuziomba.